Ngazi Mbili

Mama Mwalimu alikuwa ameshafungua Biblia yake juu ya mimbari pale shemasi mmoja alipomsogelea na kumnong'oneza. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu kutoka mbele, daftari la kumbukumbu magotini, kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kanisa letu la Kibaptisti. Sikusikia alichoambiwa. Sikuhitaji kusikia. Alivua miwani, akaifunga Biblia huku kidole kikibaki ndani ili asipoteze mahali, akashuka. Ngazi mbili tu. Akasimama sakafuni, usawa wa viti vyetu, akavaa miwani tena, akafundisha somo lake kama alivyokuwa amelitayarisha.

Niliandika: "Somo lilitolewa na Mama Mwalimu." Kisha kalamu ikasimama. Sikujua kama nilipaswa kuandika pia alisimama wapi.

Wiki saba zimepita na bado sijui.

## Sentensi niliyoitunga

Kifungu kilichomshusha nilikiandika mimi.

Mashemasi waliniomba nitayarishe rasimu ya kipengele cha katiba kuhusu huduma ya kichungaji. Nikafanya kama wengi wetu tunavyofanya. Nilichukua ungamo la imani la Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, lile la mwaka 2000, nikafuata maneno yao: wanaume na wanawake wote wamepewa karama za kuhudumu kanisani, lakini kazi ya mchungaji ni ya wanaume, kwa sifa zilizowekwa na Maandiko. Nilipoisoma tena usiku ule niliona kama kuna mlango umebaki wazi. Nikaongeza maneno manne ya kwangu: "wala mwanamke asifundishe mimbarini."

Hakuna aliyeniomba niyaongeze. Yalinipa raha ya kazi iliyokamilika.

Katika mkutano wa washirika kipengele kilisomwa mara moja, mikono ikanyooshwa, kikapita. Mikono niliihesabu mimi mwenyewe. Hadi leo siwezi kukumbuka kama wa Mama Mwalimu ulikuwamo.

## Nilivyofika hapo

Wanaonifahamu wanajua kwamba naamini uteule, yaani kwamba Mungu ndiye aliyewachagua watakaookolewa, si wao waliomchagua. Siamini nusu nusu. Kwa miaka mingi ya ujana wangu, kila wito ulipotolewa mwisho wa ibada, nilikwenda mbele tena, kwa hofu kwamba safari iliyopita sikumaanisha vya kutosha. Nilitubu dhambi zilezile, kwa machozi yaleyale, nikarudi kitini nikiwa na siku tatu za amani. Ya nne hofu ilirudi.

Kilichonitoa humo ni Warumi 9:16: "Basi, kama ni hivyo, si katika uwezo wa yule atakaye, wala wa yule apigaye mbio, bali wa yule arehemuye, yaani, Mungu." Nilikuwa nimepiga mbio maisha yangu yote. Siku niliyoelewa kwamba anayeshika ni Yeye, na mimi ndiye niliyeshikwa, nilikaa chini nikalia hadi jioni. Sitalijutia fundisho hilo. Mtu akinionyesha kesho kwamba nimekosea mahali katika zile nukta tano za Dort, muhtasari wa fundisho hilo, nitamsikiliza, lakini amani ile haikuwa ya kubuni.

Tatizo ni kwamba walimu walionifundisha uteule walikuja na mengine pia. Wahubiri niliowasikiliza usiku kucha walizungumzia neema kuu ya Mungu, na kwa pumzi hiyohiyo wakazungumzia mimbari kuwa ya wanaume. Nilivipokea vyote kama mzigo mmoja. Nikadhani ukilegeza kimoja, kingine kitaanguka.

Ndiyo maana kalamu yangu haikusita.

## Kamba isiyokuwapo

Baada ya Jumapili ile nilianza kuitafuta kamba inayofunga mambo haya mawili. Sikuipata.

Sinodi ya Dort, iliyokaa mwaka 1618 na 1619, ilijibu maswali ya uteule, upatanisho, upotovu wa mwanadamu, neema na udumifu wa watakatifu. Katika vichwa vyake vya mafundisho hakuna neno juu ya mwanamke kufundisha. Upande wa pili, aliyeongoza kamati iliyoandika ungamo la mwaka 2000, ambalo mimi nilinakili, alikuwa Adrian Rogers, mhubiri aliyepinga waziwazi Ukalvini, yaani fundisho hili la uteule. Mwaka 2012 kundi la Wabaptisti wa Kusini lilitoa tamko zima la kukataa Ukalvini mpya uliokuwa ukienea katika vyuo vyao, na wengi wa waliotia sahihi wasingekubali mwanamke awe mchungaji. Kumbe mtu anaweza kukataa uteule kama ninavyouelewa na bado akamshusha Mama Mwalimu ngazi mbili.

Nikarudi nyuma zaidi. Mwaka 1611, huko Amsterdam, Thomas Helwys na kundi lake dogo la Waingereza waliandika ungamo ambalo ni miongoni mwa ya kwanza kabisa ya Kibaptisti. Hawa hawakuwa Wakalvini. Waliamini Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote. Walipofika kwenye watumishi wa kanisa wakataja wazee, kisha mashemasi, "wanaume kwa wanawake". Wameliandika bila kujitetea, kama jambo lisilohitaji maelezo.

Ilinichukua muda kukubali kwamba nilikuwa nimeifunga kamba ile mwenyewe.

## Martha wa Sandy Creek

Mwaka 1755 Wabaptisti 16 waliohama kutoka kaskazini walianzisha kanisa Sandy Creek, North Carolina. Kiongozi wao aliitwa Shubal Stearns. Dada yake, Martha, alikuwa ameolewa na mhubiri Daniel Marshall, na alikuwa na kipawa cha sala na mahubiri ambacho wanahistoria wa Kibaptisti wa kizazi kilichofuata hawakuweza kukinyamazia: mara nyingi mkutano mzima ulibubujikwa na machozi akiomba na kuonya. Kanisa lile la watu 16 likafika 606 kwa muda mfupi.

Hawa waliitwa Separate. Jirani zao walioitwa Regular walikuwa na Ukalvini ulionyooka zaidi na utaratibu zaidi. Stearns alipomwomba mchungaji mmoja wa Regular aje kusaidia kumwekea Daniel Marshall mikono, mchungaji yule alikataa kwa ukali. Alisema hawezi kushirikiana na watu wasio na utaratibu, wanaowaacha wanawake waombe hadharani na kumruhusu kila mjinga kuhubiri.

Niliposoma hayo niliiweka simu chini.

Nilichokiona ni sura yangu. Kutetea utaratibu ndiyo kazi yangu, nami ni katibu. Lakini kosa analolitaja mchungaji yule, jambo zito la kumfanya akatae kuweka mikono juu ya kichwa cha ndugu yake, ni mwanamke kusali kwa sauti. Leo katika kanisa letu hata mshirika mkali kuliko wote angesema "amina".

Makundi hayo mawili hatimaye yaliungana. Virginia walipatana mwaka 1787: walilipokea ungamo la Philadelphia, ambalo ni la Kikalvini, lakini wakaandika kwamba hawamaanishi kila mtu afungwe na kila neno lililomo. Kentucky walipatana mwaka 1801, na katika masharti yao waliweka sentensi ambayo nimeinakili nyuma ya jalada la daftari langu: kuhubiri kwamba Kristo alionja mauti kwa ajili ya kila mtu hakutakuwa kizuizi cha ushirika.

Maneno hayo ni ya Waebrania 2:9. "Aionje mauti kwa ajili ya kila mtu." Ugomvi mkubwa kuliko yote kati yao ulikuwa Kristo alikufa kwa ajili ya nani. Wakachukua maneno ya Maandiko yenyewe, wakasema atakayeyahubiri yalivyo hatafukuzwa.

Wazee wa kike na mashemasi wa kike wa Separate hawakupata sentensi ya namna hiyo. Baada ya miungano ile walififia.

Hapo ndipo swali langu lilipobadilika. Nilikuwa nikijiuliza nani yuko sahihi. Nikaanza kujiuliza kwa nini, juu ya jambo zito kiasi kile, baba zetu waliweza kuandika "hakutakuwa kizuizi", na juu ya ngazi mbili sisi hatuwezi.

## Jibu la rafiki

Nilimpigia simu rafiki yangu ambaye ni mchungaji. Ni mtu mpole na anayesoma sana, na kifungu changu anakiunga mkono. Sikutaka kumshinda, nilitaka anisaidie.

Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ndugu yangu, upatanisho ni kwa ajili ya nani, hilo wewe unaweza kuliamini moyoni na ukakaa benchi moja na asiyekubali. Mnaimba wimbo mmoja, mnabatiza kwa maji mamoja. Lakini mimbari ni moja. Jumapili asubuhi mwanamke ama yupo pale ama hayupo. Huwezi kufanya vyote viwili."

Sikuwa na jibu. Kwa muda wa wiki mbili sikuwa nalo.

Naona wanaotaka mabadiliko hulipita jibu hilo haraka, na hawalitendei haki. Rafiki yangu hasemi wanawake ni duni. Anasema kuna imani zinazokaa ndani na kuna imani zinazochukua nafasi, nayo nafasi haigawanyiki. Njia ya Kibaptisti ya kutoka hapo siku zote imekuwa uhuru wa kila kanisa: ninyi amueni kwenu, nasi tuamue kwetu, tuchangie umisheni pamoja. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1964, kanisa moja la Durham, North Carolina, lilipomwekea mikono Addie Davis, mwanamke wa kwanza kuwekewa mikono ya uchungaji miongoni mwa Wabaptisti wa Kusini. Wengi hawakupenda, lakini lilikuwa la kanisa lile.

Ila uhuru wa makanisa haunisaidii mimi. Ugomvi wangu uko ndani ya kanisa moja, lenye mimbari moja.

## Uzio unaosogea

Kilichonifungua ni kuufuatilia mwendo wa Marekani mwaka kwa mwaka.

Mwaka 1984, Kansas City, mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini ulipitisha azimio dhidi ya wanawake kuwekewa mikono, kwa hoja kwamba mwanamume aliumbwa kwanza na mwanamke alitangulia kuanguka. Lilikuwa azimio tu, halikulifunga kanisa lolote. Mwaka 2000 likaingia katika ungamo, na lilimhusu mchungaji pekee. Juni 2023, New Orleans, wajumbe walipiga kura kuhusu kanisa la Saddleback la California, lililokuwa limewaweka wakfu wanawake watatu na kisha likaondolewa katika umoja huo: 9,437 walitaka libaki nje, 1,212 walitaka lirudi. Siku hiyohiyo kanisa la Fern Creek la Kentucky nalo lilibaki nje, na mchungaji wake, Linda Barnes Popham, alikuwa amelichunga miaka 30. Mwaka huohuo likaletwa badiliko la katiba ili kanisa lisihesabiwe kuwa mwenza likiwa na mwanamke mwenye cheo cha uchungaji cha aina yoyote. Lilihitaji theluthi mbili, miaka miwili mfululizo. Indianapolis, 2024, lilipata asilimia 61, likaanguka. Lilijaribiwa tena Dallas, 2025, likaanguka tena kwa karibu asilimia ileile.

Angalia uzio unavyotembea. Kwanza ni maoni, kisha ni ungamo, kisha ni kufukuzwa. Kwanza ni mchungaji, kisha ni aina yoyote ya mchungaji. Na wakati wote huo sadaka yao kubwa ya Krismasi kwa ajili ya umisheni wa nje inakusanywa kwa jina la Lottie Moon, mwanamke aliyekwenda China mwaka 1873 na kutumika huko karibu miaka 40.

Mimi uzio huo niliusogeza kwa maneno manne, usiku mmoja, peke yangu.

Maana nilikaa nikasoma 1 Timotheo 2:12 polepole, kama mtu asiyewahi kuisoma. "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha, wala kumtawala mwanamume, bali awe katika utulivu." Ni andiko gumu na silikimbii. Nikiendelea hadi sura ya tatu, Kiswahili chetu kinaanza kwa upana: "mtu akitaka kazi ya askofu, atamani kazi njema." Mtu, si mwanamume. Lakini mstari unaofuata unasema "mume wa mke mmoja", nami sina ujasiri wa kuupita kana kwamba haupo. Nikibanwa leo, nitasema bado naelemea upande wa kwamba uchungaji umewekwa kwa wanaume. Naelemea. Sisimami tena kwa miguu yote miwili kama zamani.

Fibi pia amenisumbua. Warumi 16:1, katika Biblia yetu ya Union, anaitwa "mhudumu wa kanisa lililoko Kenkrea". Neno la Kigiriki lililo hapo ndilo lililo katika 1 Timotheo 3:8, ambako tumelitafsiri "mashemasi". Wanaume wakapewa cheo, Fibi akapewa kazi. Nimehubiri sura ile mara tatu na sikuwahi kulitaja hilo.

Lakini mimbari? Hilo nimelitafuta katika barua zote za Paulo kwa Timotheo na Tito. Samani hiyo haimo. Paulo anasema juu ya kufundisha kwa mamlaka, juu ya kutawala, juu ya askofu na nyumba yake. Mimi ndiye niliyechukua mbao nne na ngazi mbili nikazipa uzito wa Maandiko. Mama Mwalimu alifundisha kutoka sakafuni maneno yaleyale, kwa watu walewale, waume kwa wake, na hakuna aliyeona tatizo. Kifungu changu hakikulinda fundisho lolote. Kilibadilisha urefu wa mwalimu.

Hilo ndilo jibu ambalo sikuwa nalo kwa rafiki yangu. Ni kweli mimbari haigawanyiki. Ila tulichogombania Jumapili ile hakikuwa uchungaji.

## Nilikwenda kumwona

Niliahirisha mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda.

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu: Sandy Creek, Kentucky, Fibi. Aliniacha niseme kidogo, kisha akauliza, "Lile neno la mimbari, uliliandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Nilitamani anikaripie.

"Watu walidhani nimeshuka kwa sababu nimekubali," alisema mwishowe. "Nilishuka kwa sababu watoto wa darasa langu walikuwa wanatazama. Sikutaka waone watu wazima wakivutana mbele ya Neno."

Nikamwomba msamaha. Alisema amesamehe, na niliona kwamba halikuwa jepesi kwake. Halafu akaniuliza kama nakumbuka mstari wa kwanza alionikaririsha. Nilikuwa na miaka tisa. Nilianza kusema Yohana 3:16, kwa sababu ndio unaotangulia kwa kila mtoto, akatikisa kichwa. Akaanza mwenyewe, nami nikaungana naye katikati: "…kama vile alivyotuchagua katika yeye kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu."

Waefeso 1:4.

Kwa miaka yote hii nimewaambia watu kwamba uteule nilifundishwa na Spurgeon, mhubiri wa Kibaptisti wa Uingereza wa karne ya 19, na wahubiri wa mbali. Nilikuwa nao moyoni tangu darasa la watoto, kwa sauti ya mwanamke huyu.

Sisemi hilo linamaliza hoja. Ninajua mtu atajibu kwamba kufundisha watoto ni jambo jingine, na kwamba matunda hayathibitishi cheo. Mungu aliwahi kusema hata kwa kinywa cha punda wa Balaamu. Nimejibu hivyo mwenyewe, kwa wengine, mara nyingi. Ila siku ile, nikiwa nimekaa mbele yake, jibu hilo halikunitoka mdomoni.

Nilipoaga alinisindikiza hadi mlangoni. "Ukilitoa lile neno," akasema, "lisitolewe kwa sababu yangu. Litoe kama si la kweli."

## Jumamosi

Mkutano wa washirika ni Jumamosi hii. Nimewasilisha hoja ya kuyaondoa maneno manne na kuacha sentensi iliyobaki kama ilivyo. Shemasi mmoja amenipigia kuniambia nimelegea. Dada mmoja ameniandikia kuniambia nimefanya kidogo mno, kwamba ninamrudishia Mama ngazi mbili na kufunga kila kilicho juu yake. Huenda wote wawili wanaona kitu. Kura sijazihesabu kabla, na safari hii nimeomba mtu mwingine azihesabu.

Kabla ya hoja yoyote, ajenda huanza na masahihisho ya kumbukumbu za nyuma. Kwa kawaida kipengele hicho hupita kwa sekunde kumi. Nitasimama hapo. Nitaomba mstari mmoja wa Jumapili ile usomeke hivi: "Mama Mwalimu alifundisha Waefeso sura ya kwanza. Alianza akiwa mimbarini, akaombwa ashuke, akamalizia akiwa amesimama chini ya ngazi."